Wakati Huwekwa Mara Moja: Vitenzi vya Kawaida vya Kiingereza kwa Sisi Wasemaji wa Kiswahili

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wa darasa la jioni la watu wazima, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu vijana, habari za jioni. Poleni na kazi za mchana, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya vitenzi vya Kiingereza, kwa sababu ndivyo vinavyowakatisha tamaa wengi wanaoanza darasa hili. Najua wengi wenu mlisoma kwa Kifaransa, Bukavu, Goma, Uvira, wengine Bujumbura. Mlikaa madarasani mkikariri "je travaille, tu travailles, nous travaillons", kila nafsi na mwisho wake, kisha majedwali ya nyakati na hali nyingine, imparfait, kisha futur, kisha subjonctif. Mlipofika Uganda mkatafuta majedwali ya namna ile ile kwa Kiingereza, na mliyoyapata mnayakariri mpaka usiku. Bidii hiyo naiheshimu sana, ila inakwenda mahali pasipohitaji. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza, yaani kile kinachochukua "-ed" kwa wakati uliopita, kina maumbo manne tu: "work", "works", "worked", "working". Hakuna la tano. Anayeyajua hayo manne ya "work" ameshayajua ya "plant", "cook", "help", "wait", "cross" na maelfu mengine.

Zamani yalikuwa mengi zaidi. Waingereza walikuwa na neno "thou" kwa mtu mmoja wanayezungumza naye, na kitenzi chake kiliishia kwa "-est": "thou workest". Yeye alikuwa na "-eth": "he worketh". Neno "thou" lilipotoka katika mazungumzo ya kila siku, mwisho wake ukaondoka nalo, na "-eth" ikaiachia nafasi "-s". Hiyo "-s" ya "he works, she works" ndiyo alama pekee ya nafsi iliyobaki kwenye kitenzi cha kawaida. Sisi tunaosema "ninapanda, unapanda, anapanda, tunapanda, mnapanda, wanapanda" tuna alama sita, na hatujawahi kuchoka kuzitumia. Basi hatuwezi kushindwa na moja.

Kama maumbo ni manne tu, mbona watu wanahangaika? Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kazi yetu yote.

Kiswahili chetu kinapotumia vitenzi viwili pamoja, kila kimoja hubeba mzigo wake kamili. Tunasema "nilikuwa ninapanda". Nafsi imetajwa mara mbili, ni- na ni-. Alama ya wakati nayo ni mbili, -li- na -na-. Tunasema "tulikuwa tumevuka": tu- na tu-, -li- na -me-. Masikio yetu yamelelewa hivyo tangu utotoni, kwamba kitenzi kisicho na alama zake kiko uchi. Kiingereza hakifanyi hivyo hata kidogo. Kiingereza huweka wakati mara moja tu katika kundi la vitenzi, na hukiwekea kitenzi cha kwanza. Vinavyofuata vyote havina wakati. Umbo lao linaamuliwa na kitenzi kilichowatangulia.

Chukueni swali hili: "Did you register?" Wakati uliopita umekaa kwenye "did". Umeshasemwa. "Register" inabaki tupu. Mwanafunzi wetu anauliza "Did you registered?" kwa sababu moyo wake unamwambia jambo hili ni la jana, na kitenzi kikuu lazima kionyeshe kwamba ni la jana. Vivyo hivyo "I didn't waited". Kwa Kiswahili "sikusubiri" alama ya wakati uliopita imo ndani ya neno lenyewe, ile -ku-. Kiingereza kimeitoa kwenye "wait" kikaikabidhi "did", na ikishakabidhiwa hairudi. Ni hivyo hivyo kwa ile "-s". "She works", lakini "Does she work?" na "She doesn't work". Alama imehamia kwenye "does", na "work" imebaki kama ilivyozaliwa.

Mkiishika kanuni hii, yale majedwali marefu yanayowatisha yanageuka kuwa maagizo matatu. Baada ya "will", "would", "can", "must" na wenzao, na baada ya "do" pia, kitenzi huja tupu: "will plant". Baada ya "have", huja chenye "-ed": "have planted". Baada ya "be" huja chenye "-ing" kama jambo linaendelea, "is planting", au chenye "-ed" kama mtendwa ndiye anayesemwa, "the beans were planted". Ukitaka kuviunganisha, vinafuatana kwa mpango usiobadilika: kwanza "will" na jamaa zake, kisha "have", kisha "be", mwisho kitenzi kikuu. "She will have been working." Kila kimoja kinamwagiza anayekifuata: "will" imeidai "have" iwe tupu, "have" imeifanya "be" kuwa "been", na "been" imeitaka "work" ichukue "-ing". Ukitaka kurudisha sentensi nzima nyuma, unagusa neno moja tu la mwanzo, "will" iwe "would". Mengine hayaguswi.

Tazameni pia kwamba Kiingereza hakina umbo la kitenzi la wakati ujao. Sisi tuna -ta-, Wafaransa wana "je travaillerai". Mwingereza ana "work" ile ile tupu, na "will" mbele yake. Ndiyo maana nikasema manne.

Sasa niseme juu ya uhusiano wa alama zetu na zao, kwa sababu kuna mahali Kiswahili kinatusaidia na mahali kinatuponza.

Alama yetu -na- ni pana. "Baba anafanya kazi Mbarara" yaweza kuwa ndiyo kazi yake ya siku zote, yaweza kuwa yuko huko leo tu. Kiingereza kinatutaka tuchague. "He works in Mbarara" ni desturi, ni hali ya kudumu. "He is working in Mbarara" ni kwa kipindi hiki. Kiswahili chenyewe kinatupa kipimo: jaribu kuweka hu-. Ukiweza kusema "baba hufanya kazi Mbarara" bila maana kubadilika, andika "works". Ikiwa hu- inakataa, andika "is working". Kuna vitenzi ambavyo kwa kawaida havipokei "-ing" hata kama jambo liko moyoni sasa hivi: "want", "need", "believe", "own", "belong". Hapa Uganda mtasikia watu wazima wenye kazi zao wakisema "I am needing", na wanaeleweka vizuri. Lakini mtoto wako akiandika hivyo kwenye mtihani anapoteza alama, kwa hiyo tumfundishe "I need".

Alama -me- inahitaji uangalifu zaidi. Mara nyingi inaenda sawa na "have" na "-ed": "nimejiandikisha", "I have registered". Na "sijajiandikisha" ni "I haven't registered yet", ile -ja- yetu imebeba "not" na "yet" kwa pamoja, jambo ambalo Kiingereza kinalihitajia maneno mawili. Lakini "amechoka" si "he has tired". Ni "he is tired". "Nimeshangaa" ni "I am surprised". Kwa Kiswahili -me- inaweza kutaja hali ambayo mtu yuko ndani yake sasa, na Kiingereza hali hiyo huisema kwa "be".

Nakuja kwenye jambo ambalo limenifanya niombe nafasi hii ya leo badala ya kusubiri wiki ya tatu ya masomo. Wengi wenu mmeulizwa, au mtaulizwa, mueleze safari yenu mbele ya ofisa, na mkalimani hapatikani kila wakati. Pale, tofauti ya "have crossed" na "crossed" si ya mtihani wa shule.

Kifaransa kinaruhusu kusema "nous avons traversé en 2017". Ndani yake kuna "avons", ambayo ni "have". Aliyesoma Kifaransa akitafsiri moja kwa moja atasema "We have crossed in 2017". Kiingereza hakikubali. Ukitaja wakati uliokwisha, iwe mwaka, iwe jana, iwe wiki iliyopita, "have" haina nafasi. "We crossed at Bunagana in 2017." Hapo Kiswahili kinawasaidia kuliko Kifaransa: "tulivuka Bunagana mwaka 2017" ina -li-, na -li- ni "-ed" peke yake. Mkipata shaka, ukumbukeni usemi wenu wa Kiswahili, si wa shuleni.

Sikilizeni sentensi mbili. "I lived in Uvira for 9 years." "I have lived in Uvira for 9 years." Ya kwanza, anayesikia anaelewa kwamba uliishi Uvira, na maisha yale yamekwisha. Ya pili, anaelewa kwamba bado ni mkazi wa Uvira leo hii, au umetoka huko hivi punde. Umesema kitu ambacho hukukusudia, na aliyekuandika ameandika alichosikia. Kinyume chake, aliye hapa tangu 2018 aseme "I have stayed in Nakivale since 2018". Akisema "I stayed in Nakivale", ofisa anaweza kuuliza sasa unaishi wapi.

Na mpangilio wa matukio. "When the soldiers arrived, we crossed the river." Askari walifika, ndipo tukavuka. "When the soldiers arrived, we had crossed the river." Walipofika, tulikuwa tumeshavuka. Kiswahili kinaitofautisha vizuri kabisa, "tukavuka" na "tulikuwa tumevuka", kwa hiyo tofauti yenyewe mnayo vichwani. Kinachohitajika ni kujua kwamba "tulikuwa tume-" ni "had" na "-ed". Msikubali mtu awaambie kwamba hilo ni la watoto wa sekondari. Mtu anayesimulia jinsi alivyookoka anahitaji kulijua kabla ya mambo mengi mengine.

Hapo hapo kwenye simulizi kuna mtego wa -ka-. Tukisimulia kwa Kiswahili tunaweka -li- mara moja, kisha -ka- inachukua hadithi mpaka mwisho: "tulitoka usiku, tukatembea, tukapumzika msituni, tukafika asubuhi". Hii ni moja ya fahari za lugha yetu. Kiingereza hakina -ka-. Kila tendo jipya katika simulizi linaanza kundi lake, na kila kundi linadai alama yake: "we walked all night, we rested in the forest, we reached the border in the morning". Mwenzetu anayesema "we walked, we rest, we reach" ameweka alama kwa la kwanza akadhani inatosha, kama -li- inavyotosha kwetu. Haitoshi. Na waliozaliwa katika Kiganda wana tabu yao tofauti, kwa sababu Kiganda kina umbo la jambo lililopita karibuni na lingine la lililopita zamani, na "-ed" ya Kiingereza haijali kama ni asubuhi ya leo au enzi za babu. Ukaribu au umbali wa jambo lazima utajwe kwa maneno: "this morning", "long ago".

Matamshi na tahajia nitavipita haraka, tutavifanyia mazoezi. Hiyo "-ed" inaandikwa namna moja lakini inasikika namna tatu. Kitenzi kikiishia kwa sauti ya t au d, ndipo tu "-ed" inapopata silabi yake: "planted", "waited", "needed". Kwingine kote hakuna silabi ya ziada. "Worked" ni kama "wakt", "crossed" inaishia kwa t, "lived" na "called" zinaishia kwa d. Weka vidole kooni: koo likitetemeka kwenye sauti ya mwisho ya kitenzi, inayofuata ni d, lisipotetemeka, ni t. Silabi zetu za Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, ndiyo maana tunajikuta tukisema "wakedi". Wengine kwa kuogopa hilo wanaimeza "-ed" yote, na hapo wamepoteza wakati wenyewe, ni vibaya zaidi. Katika kuandika, "carry" inakuwa "carried" na "photocopy" inakuwa "photocopied", lakini "stay" inabaki "stayed" kwa kuwa kabla ya y kuna irabu. "Stop" inarudufisha p, "stopped". "Permit" inakuwa "permitted" kwa kuwa mkazo uko mwishoni, "visit" inakuwa "visited" kwa kuwa mkazo uko mwanzoni. Shule za Uganda zinafuata tahajia ya Uingereza, "travelled" kwa l mbili. Simu zenu nyingi zimewekwa kwa Kiingereza cha Marekani na zitawapigia mstari mwekundu. Fuateni kitabu cha shule.

Kuna waliokwisha kuniuliza kuhusu vitenzi visivyo vya kawaida, "go" na "went", "eat" na "ate". Viko takriban 200, na ni vile vinavyotumika sana, kwa hiyo havikwepeki. Lakini havizaliwi vipya. Karibu kila kitenzi kipya kinachoingia Kiingereza huchukua "-ed" papo hapo: watu walipoanza kutumiana ujumbe wa simu, "text" ikawa "texted" bila kumuuliza mtu. Ndiyo maana tunaanza na vya kawaida.

Sasa niwaambie juu ya hali zile ambazo hazisemi jambo lililotokea bali la kuamrishwa, la kutamaniwa, la kudhaniwa. Amri ni rahisi, ni kitenzi tupu: "Wait." "Help your mother." Sisi tuna "subiri" na "subirini", wao hawatofautishi mmoja na wengi. "Tupande" ni "let us plant".

Matamanio ndiyo yenye utamu. Mnaisoma kila siku nyuma ya teksi na kwenye kuta za maduka: "God bless you". Mbona haina "-s"? Mungu ni nafsi ya tatu, mmoja, na tumesema "he works". Kwa sababu hii si taarifa. "God blesses you" ingekuwa "Mungu anakubariki". "God bless you" ni "Mungu akubariki", ile -e yetu ya mwisho yenyewe, wameionyesha kwa kuondoa alama badala ya kuongeza. Utaiona tena kwenye barua za ofisi: "We request that he register before Friday", yaani tunaomba ajiandikishe kabla ya Ijumaa. Si "registers". Wengi Uingereza, na hapa kwetu pia, huandika "should register", nayo ni sahihi, na kwa mwanafunzi ni salama zaidi.

Na mwisho, dhana. "Ikinyesha, tutapanda." "If it rains, we will plant." Kiswahili kinatuongoza sawasawa: kwenye "ikinyesha" hatukuweka -ta-, na wao kwenye "if it rains" hawakuweka "will". Kisha "ingenyesha, tungepanda". Hapa ndipo tunapoanguka, kwa sababu Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili na masikio yetu yanadai "would" mbili. Kiingereza kinaweka "would" upande wa matokeo tu: "If it rained, we would plant." Ile "rained" haisemi mvua ya jana. Umbo la wakati uliopita limekopwa ili kulisogeza jambo mbali na ukweli wa leo. Na "ingalinyesha, tungalipanda", ambalo limekwisha pita na haliwezekani tena, linasogezwa hatua moja nyuma zaidi: "If it had rained, we would have planted." Waliosoma Kifaransa wanakumbuka mwalimu akiwaonya kwamba "si", yaani "kama" ya Kifaransa, haipendi "-rais", mwisho wa kitenzi ulio sawa na "would". "If" nayo haipendi "would". Onyo hilo moja mlilopewa mkiwa watoto linafaa hapa bila kubadilishwa.

Kiingereza ni lugha rasmi ya Uganda tangu uhuru wa 1962, na Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Nayataja hayo kwa sababu ya wazazi wanaowakataza watoto Kiswahili nyumbani wakidhani kinawazuia kupata Kiingereza. Mmesikia jioni hii mara ngapi -li-, -me-, hu- na -ki- zimetufungulia njia. Mtoto anayekijua vizuri Kiswahili ana vipimo mkononi. Katika mtaala wa Uganda lugha ya mahali hutumika madarasa matatu ya kwanza, kisha kuanzia darasa la nne masomo yanageukia Kiingereza, na hapo mtoto aliyenyang'anywa lugha yake anabaki bila pa kulinganishia.

Kazi ya wiki hii ni moja. Kila mtu aandike siku yake ya jana kwa sentensi kumi, kwa vitenzi vya kawaida tu, kila kitenzi kikiwa na alama yake. Kisha azigeuze zote kumi ziwe maswali ya "did", na zote kumi ziwe za kukanusha kwa "didn't", akihakikisha "-ed" imeondoka. Asiyejua kuandika aje na mwanawe, mtoto aandike, mzazi aseme. Wenye watoto wa darasa la saba watakaofanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, naomba mbaki baada ya mkutano pamoja nao. Lile swali la kuiandika upya sentensi kwa kuanza na neno walilopewa, na lile la kuweka neno katika umbo linalofaa, yote mawili yanapima haya tuliyoyasema, na nina karatasi za zamani tuzipitie pamoja kabla giza halijaingia.